Pasipoti ya Zamani Irudi kwa Stakabadhi



Kila askari anaujua utaratibu wa ghala la silaha. Bunduki hutolewa kwa namba na kupokewa kwa sahihi, na zamu ikimalizika hurudishwa kwa sahihi vilevile. Anayeirudisha hasemwi kwamba ameikana, wala mtunza ghala hamwulizi kama angali akiipenda. Huisoma namba, hukagua chombo, hutia alama katika daftari, na mwenzake huenda zake akiwa hana deni. Tungependa utaratibu huo uwe akilini mwa kila mmoja wetu leo, kwa kuwa tunakusudia kuzungumzia chombo kingine cha dola ambacho nacho hupokewa na kurudishwa, ila kurudishwa kwake kumezungukwa na aibu, woga na maneno makali. Chombo hicho ni pasipoti ya mtu aliyekwisha kupata uraia wa nchi nyingine.

Wako watakaouliza: hayo yanamhusu nini askari wa doria aliyeko Rumonge? Yanamhusu sana. Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na ufuko wetu kutoka Bujumbura hadi Kabonga haujapata kuwa ukuta. Wavuvi wa dagaa na migebuka hufuata samaki, na samaki hawana uraia. Rumonge penyewe, mji wa mawese na samaki, ni mji ambamo Kiswahili husikika sokoni sambamba na Kirundi, kwa sababu wengi wa watu wake wana mababu waliovuka kutoka Ujiji, Manyema na Ubwari. Mtu wa huko akikwambia kwamba ndugu yake ni Mtanzania na mjomba wake ni Mkongo, hakudanganyi wala hakutanii. Anakueleza habari za nyumba yao.

Lakini kuvuka kulikoacha alama kubwa kuliko kote ni kule kwa mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili ya mwaka huo uasi ulizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Na katika wiki na miezi iliyofuata ukandamizaji ukaenea nchi nzima na kuua watu wengi zaidi kwa mbali, ambao makadirio huanzia 100,000 na mengine hufika 300,000. Sare ya jeshi la wakati ule ilikuwamo katika mauaji hayo, na ukurasa unaosomwa na askari hauna haki ya kulipita jambo hilo kimya. Waliosalimika ufukoni walipanda mitumbwi, wengine wakashika njia ya milimani. Hawakubeba pasipoti. Wengi wao hawakupata kuwa nayo maishani.

Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi ya kulima: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Wengine walijichanganya na wanavijiji wa mkoa wa Kigoma bila kupita makazi yoyote ya wakimbizi. Misitu ilifyekwa, watoto wakazaliwa, na wajukuu wakasoma kwa Kiswahili katika shule za huko. Mwaka 2007 ulipofika, watu wa makazi hayo matatu, waliokuwa wamezidi 200,000, waliulizwa swali moja zito: mnarudi Burundi, au mnaomba kuwa Watanzania? Wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Waliosalia walianza kurejea mwaka 2008, na idadi yao ikapita 50,000. Mwezi Aprili 2010 serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba imewapa uraia wa tajnisi watu 162,156 wa kundi lile. Si mara nyingi duniani nchi kuwakubali wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na sisi Warundi tunapaswa kulitaja jambo hilo kwa shukrani kabla ya kusema lolote jingine.

Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa wazi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Anayepewa uraia kwa tajnisi hana budi kuukana ule wa kwanza. Kwa hiyo watu waliokimbia mikono mitupu walitakiwa kurudisha kitu ambacho hawakuwa wamekishika mkononi. Hawakuwa na kitabu cha kuweka mezani. Walichokitoa ni sahihi, na pengine alama ya kidole gumba, chini ya maneno yaliyosema kwamba Burundi haiwahusu tena. Kisha wakangoja. Hati za uraia hazikugawiwa upesi, kwa kuwa serikali ilikuwa imetaka kwanza wahamishwe makazini na kutawanywa katika mikoa mingine, na mpango huo ukakwama; hadi Oktoba 2014, Rais Kikwete alipoanza kuzikabidhi, watu hao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka minne katikati ya mlango, mguu mmoja nje na mmoja ndani.

Sasa tuje upande wetu wa ziwa. Mashamba yaliyoachwa Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972 hayakukaa bure. Mengine yalichukuliwa na majirani, mengine yakagawiwa watu wengine na wakuu wa serikali, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ukasema kwamba mkimbizi anayerejea apate mali yake au fidia ya haki, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Tume hiyo katika miaka yake ya kwanza ilipendelea pande mbili zigawane shamba; baada ya mwaka 2011 ikaelekea kumrudishia mwenye asili chote. Kila njia ilikuwa na wenye kulia. Na askari polisi ndio waliotumwa kusindikiza utekelezaji, wakisimama katikati ya mtu anayelilia shamba la babake na mtu aliyezaliwa juu ya shamba hilo hilo.

Katika hali hiyo familia nyingi zilifanya hesabu. Kaka mmoja akarejea Rumonge kudai michikichi, kaka wa pili akabaki Katumba na kuchukua Utanzania. Nyumba moja ikawa na bendera mbili. Tusiwalaumu upesi. Watu waliokwisha kupoteza kila kitu katika usiku mmoja hawaweki mayai yote katika kapu moja, na asiyepata kulala katika mtumbwi akiwa amemziba mtoto kinywa asilie hana budi kuwa mwangalifu anapowahukumu.

Tuchukue mfano, ambao tunautunga kwa ajili ya mafunzo tu. Mzee aliyekwisha kupita miaka sabini anafika Kabonga akitokea Kigoma. Anakwenda Rumonge kumzika dada yake. Mkononi ana pasipoti ya Tanzania. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Rumonge. Askari kijana anamwuliza, "Mzee, wewe ni wa hapa, mbona umebeba kitabu cha kule?" Mzee anajibu, "Mwanangu, ni habari ndefu." Mfuko unapopekuliwa, chini ya kanzu na kitenge cha sanda inaonekana pasipoti ya Burundi, ambayo mzee aliikata mwaka 2012 alipokuwa amechoka kungojea hati kule Tanzania. Askari ana vitabu viwili mkononi na mzee mmoja mbele yake anayetetemeka. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kujua sheria, kwa sababu hapa wengi hubabaika. Sheria ya uraia ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 inaukubali uraia pacha. Mrundi aliyepata uraia wa Ubelgiji, nchi ambayo haimtaki mgeni aukane uraia wake wa kwanza, anaweza kushuka uwanja wa ndege wa Bujumbura na vitabu viwili bila kosa lolote, upande wetu wala upande wa Ubelgiji. Wapo pia maelfu ya watu wa mwaka 1972 waliochukuliwa na Marekani kutoka makambini Tanzania kuanzia mwaka 2007. Hao, siku ya kupewa uraia, huapa kuacha utii kwa dola nyingine yoyote, na kadi ya ukaazi hurudishwa pale pale. Lakini Marekani haiwanyang'anyi pasipoti ya kwao. Kwa mzee wetu wa Kabonga mambo ni mengine. Kitabu chake cha Burundi hakimletei hatia mbele ya Burundi. Kinamhatarishia Utanzania wake. Na juu ya hayo, amekwisha kutia sahihi kwamba ameukana uraia aliokuwa nao. Iwapo sahihi hiyo imemtoa katika uraia wa Burundi au bado, ni jambo la wizara na wanasheria. Haliamuliwi chini ya mwembe, mbele ya kamba ya kizuizi.

Majirani wengine nao kila mmoja ana njia yake, na askari wa mpakani asiyezijua atawatesa watu bure. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa sheria ya mwaka 2009, lakini ikafunga baadhi ya vyeo vikubwa vya dola, vikiwamo vya juu jeshini. Kenya iliruhusu katika Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, kisha katika ibara ya 78 ikaweka jambo ambalo kila msomaji wa ukurasa huu anapaswa kulitafakari: ofisa wa dola au mwanajeshi haruhusiwi kuwa na uraia pacha. Raia wa kawaida anaweza kuwa na nyumba mbili. Aliyeapa kufa kwa ajili ya bendera hawezi kuwa nazo mbili, kwa sababu siku ya vita hakuna atakayemngoja achague.

Sisi tunaiona busara ya ibara hiyo, hata kama sheria ya nchi yetu kuhusu uraia imefuata njia pana zaidi. Askari wetu wametumwa mbali. Burundi ilipeleka vikosi Somalia kuanzia mwisho wa mwaka 2007, na Jamhuri ya Afrika ya Kati pia. Kijana anayekwenda masomoni Ulaya au katika kazi ya kimataifa hukutana na milango iliyofunguka, na si dhambi mtu kutamani maisha mengine. Lakini pasipoti ya utumishi aliyopewa si tikiti yake ya kuhamia. Akiamua kuchukua uraia wa huko, na aandike barua, arudishe kitabu, arudishe sare, aagane na wenzake mchana kweupe. Atakayefanya hivyo tutampa mkono. Anayetoroka kambini usiku na kitabu cha serikali kifuani, huyo ana jina lake katika sheria za jeshi na hatuna haja ya kulirudia hapa.

Turudi kwa raia. Kwa nini mzee wa Kabonga aliificha ile pasipoti chini ya sanda? Jibu ni woga, na woga huo una historia. Mwaka ule ule wa 1972, tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda katika muda wa siku tisini. Wako waliojiona salama kwa kuwa walikwisha kuwa raia wa Uganda. Wakaitwa kuhakikiwa. Maofisa wakachambua tarehe: ulipewa uraia lini, na uliukana ule wa Uingereza lini? Sheria iliweka muda wa miezi mitatu. Aliyechelewa, hata kwa siku chache, au ambaye karatasi yake ilikosekana katika jalada, aliambiwa kwamba hajawa Mganda, na hati za wengine zikachanwa mbele ya macho yao. Watu waliingia katika ofisi wakiwa raia wakatoka hawana nchi. Kisha njiani kuelekea Entebbe walikutana na vizuizi vya askari, na yaliyowapata mikononi mwa askari hao yameandikwa katika vitabu vingi ambavyo havilipi jeshi lile sifa yoyote.

Tarehe iliyokosekana katika jalada! Huo ndio uzito wa kipande cha karatasi ambacho karani mvivu hukiona kuwa taabu isiyo na maana.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Kenya. Mwezi Februari 2018 mwanasheria Miguna Miguna aliondolewa nchini na kupelekwa Kanada, kwa hoja kwamba alipochukua uraia wa Kanada zamani, wakati Katiba ya kale ilipokuwa haikubali uraia pacha, alikuwa amepoteza Ukenya. Tuache siasa yake, kila mtu na ladha yake. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa na kwamba hakuwa amepoteza uraia wake wa kuzaliwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Alirejea kwao Oktoba 2022. Maofisa waliomkamata walidhani wanatekeleza amri. Mahakama iliona vingine, na gharama ikaangukia hazina ya umma.

Nchi nyingine zimelitengeneza jambo hili vizuri, na kujifunza si aibu. India, ambayo haikubali uraia pacha, inamtaka raia wake wa zamani airudishe pasipoti akishapata uraia wa kigeni, nayo humpa hati inayothibitisha kwamba ameirudisha; anayeendelea kusafiria kile kitabu cha zamani hutozwa faini. Katika nchi nyingi kitabu kilichorudishwa hukatwa ncha ya jalada au hutobolewa matundu, kikapigwa muhuri wa kufutwa, na pengine mwenyewe hurudishiwa akakitunza kama kumbukumbu. Mtu huondoka na ushahidi wa kila kitu: siku, mahali, namba ya kitabu, jina la aliyepokea. Hakuna anayeweza kumfuata miaka kumi baadaye na kumwambia, wewe una nyuso mbili.

Kwa hiyo askari wetu wa Kabonga, au wa Mugina, au wa gati ya Rumonge, na afanye hivi. Asome pasipoti ya Tanzania, agonge muhuri wa kuingia, ampe mzee pole ya msiba. Kitabu cha Burundi asikitie mfukoni mwake. Hana mamlaka ya kukitaifisha peke yake, na kitabu kilichokaa mfukoni mwa askari huzaa hongo kama vile maji yaliyotuama yanavyozaa mbu. Akiandike katika taarifa ya zamu, namba na jina. Kisha amweleze mzee kwa lugha ya heshima kwamba kitabu hiki kina mwenyewe, nacho ni serikali iliyokitoa. Kwamba ubalozi mdogo wa Burundi uko mjini Kigoma, na idara ya uhamiaji ipo Bujumbura. Na kwamba apeleke mahali pamoja kati ya hapo, adai stakabadhi, aitunze pamoja na hati yake ya Tanzania. Mazungumzo hayo hayazidi dakika tano. Kumwita msaliti, au mpelelezi, au "mtu wa makambini", huchukua muda mfupi zaidi, lakini ubaya wake utasimuliwa matangani usiku kucha, na kesho yake wajukuu wa mzee huyo watapitia njia za panya.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba tunawalegezea watu kamba. Hao tunawajibu kwa swali la kiusalama. Ni yupi mwenye hatari zaidi kwa ulinzi wa ufuko huu: mtu ambaye jina lake, kitabu chake kipya na stakabadhi ya kile cha zamani vimo katika daftari letu, au mtu ambaye ana vitabu viwili na anabadilisha kimoja kwa kingine kila anapoona sare? Mharamia, mfanya magendo ya mafuta, na mwenye kusafirisha silaha kwa boti za usiku, hao ndio wanaopenda pasipoti zisirudishwe. Pasipoti iliyosahauliwa sandukuni hukodishwa kwa mpwa, huuzwa kwa mgeni, hubadilishwa picha. Kila kitabu kinachorudi na kutobolewa ni kimoja kilichotoka mikononi mwa watu hao.

Nao wananchi waliohama uraia tungewaomba waelewe upande wa askari. Anapokuuliza ulizaliwa wapi na ukawa raia wa wapi, hajakutukana. Ni kazi aliyolipwa kuifanya. Jibu ukweli wote mara moja. Habari ndefu yaweza kufupishwa: nilivuka 1972, nikapewa uraia 2014, kitabu changu cha zamani nimekirudisha siku fulani, stakabadhi hii hapa. Baada ya maneno hayo askari mwenye akili hana swali la pili, na huyo mjomba au shangazi yetu aliyekwisha kuwa Mtanzania, Mmarekani au Mkanada anabaki kuwa mjomba na shangazi. Anaweza kuvuka tena mara kumi kwa mwaka, azuru makaburi, ale mgebuka wa kuchoma Rumonge na kulala kwa kaka yake. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na tangu 2018 inatoa pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya hiyo. Ukiziweka mezani ile ya Bujumbura na ile ya Dar es Salaam, rangi yake ni moja na jina la Jumuiya limeandikwa juu ya zote mbili.

Jambo moja limebaki, nalo ni la makamanda. Daftari la taarifa ya zamu tunalolizungumzia liwepo kweli katika kila kituo cha ufukoni, lenye kurasa zenye namba, na anuani ya ubalozi mdogo wa Kigoma ibandikwe ukutani mahali ambapo msafiri anaweza kuisoma mwenyewe. Na kalamu iwe juu ya meza, isiwe kwa ofisa aliyekwenda mjini ambaye mzee mwenye msiba ataambiwa amngojee hadi Jumatatu.